Karakana isiwe ya mwisho kwenye bajeti ya chuo cha ufundi

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme jambo moja kuhusu fedha za Serikali zinazojenga vyuo vya ufundi stadi wilayani. Tunavipangia bajeti kama shule za sekondari. Madarasa, ofisi na mabweni vinatangulia, karakana inafuata, umeme wake unawekewa kifungu kimoja cha jumla mwishoni, na mashine zinaachiwa mwaka mwingine wa fedha. Mpangilio huu ugeuzwe: karakana na umeme wake vihesabiwe kwanza, halafu kinachobaki ndicho kijenge ofisi.

Sibezi kilichofanyika. Fedha za UVIKO-19 za mwaka 2021, zile shilingi trilioni 1.3, zilisaidia kukamilisha vyuo 25 vya VETA vya wilaya na vinne vya mikoa. Baadaye ukaja mpango wa vyuo 65, yaani 64 vya wilaya na kimoja cha Mkoa wa Songwe. Kwa kijana aliyeishia darasa la saba katika wilaya ambayo chuo cha karibu kiko mkoa wa jirani, hili ni jambo kubwa. Kwa sababu ni kubwa, inauma kuona jengo lililopakwa rangi na kuwekewa vigae, huku ndani ya karakana kukiwa na meza tupu na soketi za kuchajia simu.

Darasa ni kuta, paa, ubao na taa. Hata likijengwa kwa wastani, mwalimu atafundisha. Karakana haiko hivyo, kwa sababu jengo lenyewe ni sehemu ya mashine. Gharama za mita moja ya mraba ya darasa zikichukuliwa na kuzidishwa kwa eneo la karakana, hesabu imeshaharibika kabla ya mtu kuchimba msingi.

Tuangalie sakafu peke yake. Chukua karakana ya mita 30 kwa 12, ambayo ni mita za mraba 360. Jamvi la darasa huwa la unene wa sentimita 10, kwa hiyo zege lake ni mita za ujazo 36. Karakana ya kuchomelea na kukereza vyuma inataka angalau sentimita 15, na wavu wa BRC, yaani wavu wa chuma wa kuimarisha zege, mzito kuliko ule wa darasani. Hapo zege linafika mita za ujazo 54. Kwa mchanganyiko wa moja, moja na nusu, tatu, kila mita ya ujazo inakula karibu mifuko 8 ya saruji ya kilo 50. Darasa lingekula mifuko 288, karakana inakula 432. Tofauti ni mifuko 144, mchanga karibu mita za ujazo 8 na kokoto 15, na bado hujagusa tofauti ya bei ya wavu. Kamati ya ujenzi iliyopewa fedha za mifuko 288 haina namna. Itamwaga sentimita 10, na mkaguzi atakuta sakafu imesuguliwa inang'aa.

Madhara yake yanaonekana mashine inapofika. Mashine ya kerezo ya kufundishia ina uzito wa tani moja hadi mbili na zaidi, nao unakaa kwenye miguu michache. Sakafu nyembamba juu ya kifusi kisichoshindiliwa vizuri hudidimia upande mmoja kwa kiasi ambacho jicho halioni. Kitanda cha mashine kinajipinda, na shafti inayochongwa inatoka nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili. Mwanafunzi anarudia kazi mara tatu akidhani mkono wake ndio mbovu, kumbe kosa liko chini ya miguu yake.

Kifusi nacho kina utaratibu wake: tabaka za sentimita 15 hadi 20, maji kiasi, kushindilia kwa mashine, ndipo tabaka jingine. Kinachofanyika mara nyingi ni kujaza sentimita 60 kwa mpigo, kumwagia maji mengi na kupondaponda juu kwa mkono. Juu panakuwa pagumu na chini pamelegea. Zege likishamwagwa linatakiwa kukatwa viungo kila mita 4 hadi 5, kina cha robo ya unene, ndani ya siku moja hivi, kisha limwagiliwe maji siku 7 bila kuruka. Maji hayo yanahitaji tanki na mtu wa kumwagilia, na wote wawili huwa hawamo kwenye makadirio.

Jambo jingine dogo linaloumiza ni shimo la kukagulia magari. Fani ya umakanika inahitaji shimo la upana wa mita moja hivi, urefu wa mita 6 na kina cha mita moja na nusu, lenye ngazi, nafasi ya taa ukutani na kishimo cha kukusanyia maji kwenye kona. Linachimbwa na kujengwa kabla ya jamvi. Likisahaulika, mafundi wanarudi na nyundo na tindo kubomoa sakafu ya mwezi uliopita, wanachana ile nailoni iliyowekwa kuzuia unyevu, na masika ya kwanza yakifika maji yanapanda shimoni. Mlango nao uko hivyo hivyo. Trekta lenye kibanda linahitaji uwazi wa mita 3 kwenda juu na 3 kwa upana, na hilo linaamuliwa kabla ya kufika kwenye lenta. Mashine zikijulikana kabla ya mchoro, mambo haya yote yanakaa sawa. Zikinunuliwa baadaye kwa fungu jingine, mchoraji anabaki kubahatisha.

Sasa nifike kwenye umeme, maana hapa ndipo vyuo vingi vinapokwama.

Kwenye mchanganuo wa gharama, ile BOQ, utakuta mstari mmoja: kuunganisha umeme, jumla. Kiasi kilichoandikwa kinatosha nyumba ya kuishi au shule yenye taa na kompyuta chache. Karakana inataka umeme wa njia tatu, volti 400. Laini nyingi zilizopelekwa vijijini matawi yake yana waya mbili tu juu ya nguzo. Mtu yeyote anaweza kusimama barabarani akazihesabu. Waya mbili maana yake njia moja, na chuo kikijengwa mwisho wa tawi hilo, kitahitaji kuongezewa waya wa tatu kwa kilomita kadhaa, pengine na nguzo kubadilishwa, pamoja na transfoma yake. Gharama hiyo inaweza kuzidi ya jengo la utawala. Inatakiwa ijulikane siku ya kuchagua kiwanja. Ikijulikana siku ya kupaka rangi, muda umeshapita.

Ukubwa wa transfoma nao unapigiwa hesabu. Kipimo chake ni kVA, yaani mzigo wa umeme inaoweza kuubeba. Tuseme kuna mashine 10 za kuchomelea za kVA 10 kila moja, na kwa wakati mmoja zinafanya kazi 6: hiyo ni kVA 60. Kerezo nne zenye mota za kilowati 5.5 zinakaribia kVA 30. Misumeno na randa za useremala, kompresa na mashine za kusaga weka 20. Taa, jiko, mabweni, ofisi na pampu ya maji weka 30. Jumla ni kVA 140. Transfoma zilizozoeleka ni za kVA 50, 100, 200 na 315, kwa hiyo chuo hiki kinataka ya 200 iliyo yake. Kukiunganisha kwenye ya 50 inayogawana na kijiji ni kuwakosesha umeme wanakijiji na wanafunzi kwa pamoja.

Mota ya kilowati 5.5 ikiwa imezoea kazi inavuta ampia 11 hivi. Inapowashwa moja kwa moja inavuta karibu mara sita, ampia 66, kwa sekunde chache. Volti zikiwa chini, mota hainyanyuki. Inanguruma, inapata moto, na waya zake za ndani zinaungua. Njia moja kati ya tatu ikikatika nje kwenye nguzo, ni vivyo hivyo, dakika chache zinatosha kuiua. Kifaa cha kulinda mota dhidi ya njia inayopotea ni kidogo kama kiganja na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na mota, lakini kisipoandikwa kwenye BOQ hakinunuliwi.

Unene wa waya wa chini kwa chini kutoka transfoma hadi karakana nao uandikwe kwa namba. Kwa umbali wa mita 150 na mzigo wa ampia 100, waya wa alumini wa milimita za mraba 35 unapoteza volti 20 na kitu njiani, ilhali wa 70 unapoteza 12 hivi. Aliyeandika tu kwamba waya uwe wa kutosha ataletewa mwembamba, na aliyeuleta hatakuwa amevunja masharti yoyote. Na kwenye udongo mkavu kama wa Dodoma, fimbo moja ya athi, ile ya kupeleka ardhini umeme unaovuja, haitoshi. Zinapigwa kadhaa, zinaunganishwa, kisha zinapimwa, na karatasi ya kipimo yenye sahihi ya fundi mwenye leseni ya EWURA ibaki kwenye jalada la mradi. Vijana watakuwa wameshika vyuma vyenye umeme siku nzima, mara nyingine mikono ikiwa na jasho. Hapa hakuna cha kubana matumizi.

Halafu kuna udongo. Kupeleka kiasi kilekile cha fedha na mchoro uleule kila wilaya kunarahisisha kazi ya makao makuu, lakini Tanzania haina udongo wa aina moja. Mfinyanzi mweusi wa mbuga, ambao Simiyu na Shinyanga wanaujua vizuri, unavimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Msingi wa kawaida wa mita moja ukikaa juu yake, baada ya misimu miwili utaona nyufa za mshazari zikitoka kwenye kona za madirisha. Mfinyanzi ukiwa na kina cha mita moja na nusu au pungufu, unaondolewa wote na kujazwa moramu iliyoshindiliwa. Ukizidi hapo, nguzo zinashushwa hadi kwenye ardhi ngumu na kuunganishwa kwa mihimili. Kuchimba mashimo matatu manne ya kupima udongo kabla ya kugawa fedha ni gharama ndogo. Bila vipimo hivyo, wilaya yenye ardhi ya changarawe inabaki na bakaa, na yenye mbuga inaishiwa fedha kwenye lenta, halafu mkuu wa chuo ndiye anayeandikiwa barua ya kujieleza.

Kuhusu muda wa fedha kufika, tatizo ni la kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na kufungwa Juni 30. Mikoa ya kati na ya nyanda za juu kusini mvua zake zinaanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Aprili, na pwani na kaskazini kuna masika ya Machi hadi Mei. Msingi unatakiwa uchimbwe kati ya Julai na Oktoba. Fedha zikiingia Januari au Februari, mitaro inachimbwa kwenye tope, kuta zake zinabomoka na zege linamwagwa kwenye maji. Ikifika Mei hofu ya fedha kurudi Hazina inaingia, na vifaa vinanunuliwa vyote kwa mkupuo ili malipo yatoke kabla ya kufunga mwaka. Saruji inarundikwa stoo. Ikikaa miezi mitatu kwenye unyevu inapoteza nguvu, na ukiingiza mkono kwenye mfuko utakuta mabonge. Bonge likisagika kwa vidole, kuna nafuu. Lisiposagika, mfuko huo haufai kuingia kwenye nguzo wala lenta, lakini kwa kuwa umeshalipiwa, utaingia.

Dawa ya hili iko mikononi mwa Hazina na wizara. Mkupuo wa kwanza ufike Julai au Agosti na uwe wa vipimo vya udongo, maombi ya umeme na misingi. Wa pili ufuate boma likifika kwenye lenta, wa tatu wakati wa kupaua. Wilaya ambayo haijapata makadirio ya TANESCO yaliyoandikwa isipewe mkupuo wa pili. Sharti hili likiwekwa, kila mkurugenzi atakuwa mlangoni TANESCO mwezi wa kwanza wa mradi.

Niseme pia kuhusu utaratibu wa force account, yaani kujenga kwa kutumia mafundi wa mtaani badala ya mkandarasi. Sheria ya manunuzi inauruhusu na kwa madarasa umeokoa fedha nyingi, sitaki kulikana hilo. Lakini mkandarasi anapoondolewa, kazi zake haziondoki. Maji, stoo, ulinzi, vibao vya zege, mashine ya kuchanganyia, kupima vipande vya zege vya sentimita 15 siku ya 7 na ya 28 kwenye maabara ya TANROADS mkoani, vyote hivyo sasa ni vya mkuu wa chuo au mkurugenzi, na kwenye bajeti havina fungu. Kamati ya mapokezi ina mwalimu, mtendaji na mjumbe wa kijiji. Ni watu waaminifu, lakini hakuna aliyewafundisha kupima nondo kwa kalipa, kwa hiyo nondo ya milimita 10 inapokelewa kwenye karatasi iliyoandikwa 12. Na tofauti ile si ndogo: nondo ya 10 ina chuma pungufu kwa karibu theluthi moja ya ile ya 12. Tena kwa force account hakuna kipindi cha matazamio, yaani muda wa mkandarasi kurekebisha kasoro baada ya kukabidhi kazi, wala fedha yake iliyozuiwa. Paa likivuja mwezi wa tatu, fundi aliyeliezeka yuko wilaya nyingine.

Kwa maoni yangu, madarasa na mabweni yaendelee kwa force account, ila karakana na mfumo wa umeme vitangazwe kwenye NeST, mfumo wa Serikali wa manunuzi kwa mtandao, na kupewa makandarasi waliosajiliwa, kwa mkataba wenye kipindi cha matazamio. Bei itapanda kidogo. Tukilipa hiyo nyongeza sasa, hatutalipa kubomoa na kujenga upya.

Kuna wanaouliza fedha zitatoka wapi. Waajiri wenye wafanyakazi 10 na zaidi wanalipa kodi ya kuendeleza ufundi stadi, ile SDL, ambayo Julai 2023 ilishushwa hadi asilimia 3.5 ya mishahara wanayolipa. Imewekwa kwa ajili ya ujuzi. Mwajiri anayelipa kodi hiyo kila mwezi ana haki ya kuona kijana aliyegusa mashine iliyo hai. Na kwa fedha zilezile zilizopo, chuo kinaweza kuanza na fani tatu zilizokamilika, zenye sakafu, umeme, mashine na vijiti vya kuchomelea vya mwaka mzima, badala ya fani nane zenye mbao za majina milangoni. Fani nyingine ziongezwe mwaka baada ya mwaka. Jengo la utawala linaweza kusubiri. Mkuu wa chuo akikaa kwenye chumba cha darasa kwa miaka miwili, hakuna somo litakalosimama.

Haraka ninayoiona inatokana na jambo jingine. Tangu Januari 2024 mkondo wa amali umeanza katika shule za sekondari, nao unahitaji karakana. Tusipoirekebisha BOQ ya vyuo sasa, mchoro uleule wenye jamvi la sentimita 10 na mstari mmoja wa umeme utanakiliwa kwenda kwenye shule hizo.

Kwa waheshimiwa wa Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Elimu, Utamaduni na Michezo, ombi langu ni dogo. Mkitembelea mradi, kabla ya kupelekwa kwenye jengo la utawala, ombeni mfunguliwe chumba cha umeme. Hesabuni waya zinazoingia kwenye swichi kubwa, kisha mwombeni fundi apime volti kati ya njia na njia huku mashine tatu za kuchomelea zikiwa kazini. Ikisomeka karibu na 400, endeleeni na ziara. Ikisomeka 340, au ikiwa hakuna mashine ya kuwasha, kaeni hapo hapo chumbani na mwombe jalada la makadirio ya TANESCO, muone tarehe yake.

Mkadiriaji majenzi,
Dodoma